Zimamoto ikinyimwa pesa, afya yako ndiyo huungua

Ukiulizwa ni nini hulinda afya yako, msomaji, bila shaka utataja hospitali, daktari, dawa, maji safi na chakula bora. Ni wachache watakaotaja kituo cha zimamoto. Gari lile jekundu lipitapo likipiga king'ora, wengi wetu huona ni jambo la mali: kuna duka linaungua, kuna ghala, kuna mtu anapata hasara. Bima italipa, na kama hakuna bima, basi pole zake.

Ukweli ni kwamba kituo cha zimamoto ni sehemu ya afya ya mji sawa na zahanati ya mtaani kwako. Katika miji mingi ya Marekani, zaidi ya nusu ya simu zinazopigiwa wazimamoto si za moto hata kidogo. Ni za watu walioanguka kwa maradhi ya moyo, akina mama wanaojifungua ghafla, watoto waliopaliwa na chakula na majeruhi wa ajali za barabarani. Hata pale ambapo kazi yao ni moto tu, kuchelewa kwao huishia wodini na kwenye makaburi.

Hata hivyo, miji inapoishiwa na fedha, idara hii huwa miongoni mwa zile za kwanza kuguswa. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Mwaka ambao hakukuwa na moto mkubwa, mhasibu huwaona wazimamoto wameketi kituoni na kujiuliza wanalipwa kwa kazi gani. Je, miji iliyopunguza fedha hizo ilifanya nini ili kujimudu? Na wakazi wake walilipa nini?

DAKIKA CHACHE ZENYE UHAI

Kabla ya kuzungumzia fedha, ni vyema uelewe saa ya moto inavyokwenda. Wataalamu wa usalama nchini Marekani wamewasha moto katika vyumba viwili kwa majaribio: kimoja chenye samani za zamani za mbao na pamba, na kingine chenye makochi ya sponji, mapazia ya nailoni na vyombo vya plastiki kama vilivyo katika nyumba nyingi leo. Chumba cha zamani kilichukua karibu nusu saa kabla ya kila kitu ndani yake kushika moto kwa pamoja. Chumba cha kisasa kilifikia hali hiyo kwa chini ya dakika 5.

Ndani ya dakika hizo chache, adui mkubwa si miali unayoiona. Ni moshi. Watu wengi wanaofia katika moto wa nyumba hawaungui kwanza, bali hulewa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na sumu ya sianidi inayotoka kwenye sponji na plastiki zinazoungua. Hewa hizi huunyima mwili oksijeni. Mtu hulegea, akili huchanganyikiwa, na aliyekuwa akitafuta mlango huanguka hatua mbili kabla ya kuufikia.

Hali ni hiyo hiyo kwa moyo uliosimama. Kila dakika inayopita bila mtu kukandamizwa kifua, nafasi yake ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Baada ya dakika chache ubongo huanza kufa.

Ndiyo maana viwango vya Marekani hutaka gari la kwanza litumie muda usiozidi dakika 4 njiani kwa sehemu kubwa ya simu zinazopigwa, na liwe na wazimamoto wanne. Idadi hii haikubuniwa na chama cha wafanyakazi kwa kupenda ajira. Mnamo 2010, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia vipimo na viwango ilitoa matokeo ya majaribio katika nyumba ya kawaida ya makazi. Kikosi cha watu wanne kilikamilisha kazi zote muhimu kwa kasi ya asilimia 25 zaidi ya kikosi cha watu watatu, na asilimia 30 zaidi ya kile cha watu wawili. Kwa hivyo jiji linapoondoa mtu mmoja kwenye gari, gari litafika kwa wakati ule ule na takwimu zitapendeza, lakini aliye ghorofani atangoja zaidi.

NEW YORK ILIVYOUNGUA

Hakuna mji uliotoa funzo kubwa katika jambo hili kama New York katika miaka ya 1970.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, meya John Lindsay alitaka kuendesha jiji kwa njia ya kisayansi. Mnamo 1969 jiji liliunda taasisi ya utafiti pamoja na shirika la RAND, ambalo lilikuwa limejijengea sifa kwa kupanga mambo ya vita kwa kutumia hesabu na kompyuta. Idara ya zimamoto, chini ya mkuu wake John O'Hagan, ilikuwa miongoni mwa zile zilizofungua milango kwa wataalamu hao.

Hali yenyewe haikuwa nyepesi. Viwanda vilikuwa vikihama, wenye uwezo wakihamia nje ya mji, na nyumba za kupangisha zilikuwa zikizeeka bila kukarabatiwa. Moto uliongezeka mwaka baada ya mwaka. Katika eneo la South Bronx, kikosi nambari 82 kilitoka kituoni zaidi ya mara kumi kwa siku.

Wataalamu walichagua kipimo kimoja kikuu: gari la kwanza huchukua muda gani kufika? Sasa fuata hesabu hii, msomaji, kwa sababu ndipo tatizo lilipo. Mitaa maskini yenye nyumba zilizosongamana ilikuwa na vituo vingi vilivyokaribiana, kwani tangu zamani ilijulikana kuwa na moto mwingi. Kwenye karatasi, ukifunga kituo kimoja hapo, muda wa kufika huongezeka kwa sekunde chache tu, kwa kuwa kingine kiko karibu. Mitaa ya wenye nafasi ilikuwa na vituo vilivyo mbalimbali, na kufunga kimoja kungeongeza dakika nzima. Hivyo hesabu ilielekeza kidole kule kule ambako moto ulikuwa mwingi.

Wakosoaji wa hesabu hizo wamesema kwamba kulikuwa na swali ambalo halikupewa uzito wa kutosha: gari la kituo cha pili litakuwepo kituoni kweli, au litakuwa limekwenda kuzima moto mwingine? Mtaa ambao magari yake yote yako kazini usiku kucha una vituo vingi kwenye ramani, lakini mlango ukigongwa hakuna wa kuitika. Mwandishi Joe Flood, aliyechunguza habari hizi katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2010, ameeleza pia kwamba siasa ziliingia. Mitaa yenye wakubwa wa kuitetea iliweza kunusuru vituo vyake.

Kuanzia 1972 vikosi vilianza kufungwa au kuhamishwa. Mwaka wa 1975 jiji lilikaribia kufilisika, na katika mwezi wa Julai zaidi ya wazimamoto elfu moja walipewa barua za kuachishwa kazi, ingawa baadhi yao waliitwa tena. Matokeo yalionekana kwa macho. Kati ya 1970 na 1980, sehemu saba za sensa katika Bronx zilipoteza zaidi ya asilimia 97 ya majengo yake kwa moto na kutelekezwa. Sehemu nyingine 44 zilipoteza zaidi ya nusu. Idadi ya wakazi wa Bronx ilishuka kutoka watu 1,471,701 hadi 1,168,972. Rais Jimmy Carter alipotembelea barabara ya Charlotte mnamo Oktoba 1977, alisimama katikati ya vifusi kana kwamba mji huo ulikuwa umepigwa mabomu.

Hatuwezi kusema kwamba kufungwa kwa vituo pekee ndiko kulikoleta haya. Kuna wenye nyumba waliochoma majengo yao ili kulipwa na bima. Kulikuwa na ufukara, ubaguzi wa rangi na benki zilizokataa kukopesha watu wa mitaa hiyo. Wanahistoria hadi leo wanabishana kuhusu uzito wa kila sababu. Lakini moto ni moto, hata uwe umewashwa na nani. Ukikuta kikosi kamili karibu, huteketeza chumba. Ukikosa, huteketeza jengo, na jengo lililo tupu huambukiza la jirani.

MOTO ULIPOZAA KIFUA KIKUU

Hapa ndipo daktari anapoingia katika habari hii.

Watafiti wawili, Deborah Wallace na Rodrick Wallace, walifuatilia kwa miaka mingi mahali ambapo watu waliounguliwa walikwenda. Katika kitabu chao cha mwaka wa 1998 walieleza kwamba familia hizo hazikutoweka. Zilihamia kwa jamaa na marafiki, familia mbili au tatu katika nyumba ya moja. Mitaa iliyokuwa na nafuu ikasongamana, ikachakaa, na baadaye nayo ikaungua. Watu waliopoteza makao walipoteza pia majirani, kanisa, duka la kukopa, na kliniki waliyoizoea.

Kifua kikuu hakihitaji zaidi ya hayo. Ni ugonjwa wa hewa na msongamano: watu wengi, madirisha machache, mgonjwa mmoja anayekohoa usiku. Mnamo 1978 New York iliandikisha wagonjwa wapya 1,307 wa kifua kikuu. Mnamo 1992 idadi hiyo ilikuwa imefika 3,811, wengi wakiwa na vijidudu vilivyokwisha kuzoea dawa. Moto haukuwa chanzo pekee: jiji lilikuwa limepunguza pia fedha za kliniki za kifua kikuu, watu wasio na makao waliongezeka, na virusi vya Ukimwi viliingia mahali ambapo miili ilikuwa tayari dhaifu. Akina Wallace walieleza kwamba hata kusambaa kwa Ukimwi kulifuata njia za waliohamishwa na moto, kwa kuwa watu waliotumia dawa za kulevya kwa sindano walitawanyika katika mitaa mipya.

Mwaka wa 2006 watafiti wa afya ya umma walichapisha hesabu ya mwisho ya kipindi hicho. Kwa kubana matumizi wakati wa shida ya 1975, jiji liliokoa dola bilioni 10. Gharama ya kupambana na kifua kikuu, Ukimwi na mauaji yaliyofuata ilipita dola bilioni 50. Wahenga wetu hawakuhitaji kompyuta kulisema hilo: usipoziba ufa utajenga ukuta.

WAKAZI WALIOLALA KITUONI

Si kila mtaa ulikubali kimya kimya. Katika mtaa wa Northside, Brooklyn, wakazi waliposikia mnamo Novemba 1975 kwamba kikosi nambari 212 kinafungwa, waliingia kituoni na kukataa kutoka. Walilizuia gari lisiondolewe. Walipanga zamu za kulala humo, wakapika humo, wakafanya mikutano yao humo. Walikaa kwa zaidi ya mwaka mmoja, hadi jiji lilipokubali kurejesha huduma. Kituo hicho kikaja kujulikana kama kituo cha wananchi.

Lakini ushindi wa mwananchi huhitaji kulindwa. Mnamo 2003, jiji lilipokumbwa tena na upungufu wa fedha, vikosi sita vilifungwa kwa mkupuo mmoja. Nambari 212 ilikuwa miongoni mwao.

NJIA ZA KUJIMUDU

Tangu siku hizo miji imebuni mbinu nyingi za kuishi na fedha kidogo. Nyingine zina busara, nyingine ni kuahirisha kilio.

Mbinu moja ni kufunga kwa zamu. Badala ya kufunga kituo kabisa, jiji husimamisha gari fulani leo na jingine kesho ili kuokoa malipo ya saa za ziada. Philadelphia na San Diego zilifanya hivyo mnamo 2010. San Diego ilisimamisha magari manane kwa siku, ikitarajia kuokoa zaidi ya dola milioni 11 kwa mwaka. Mnamo Julai mwaka huo mtoto wa miaka miwili alipaliwa na peremende. Kituo kilikuwa hatua chache kutoka kwao, lakini gari lake lilikuwa limekwenda kuitikia simu nyingine katika eneo lililoachwa bila gari. Msaada ulichukua zaidi ya dakika 9, na mtoto akafariki. Baadaye jiji lilirudisha magari hayo.

Detroit, iliyotangaza kufilisika mnamo Julai 2013, ilionyesha namna nyingine ya kujimudu. Mwaka wa 2014 gazeti la mji huo lilieleza jinsi wazimamoto walivyopata taarifa za moto kupitia mashine ya faksi. Ili wasipitwe na ujumbe, walitega mkebe wa soda uliotiwa vyuma ukingoni mwa mashine. Karatasi ikitoka, ilisukuma mkebe, ukaanguka kwa kishindo, nao wakajua kumekucha. Unaweza kucheka, msomaji, na kuwasifu kwa akili yao. Lakini jiulize: siku karatasi inapokwisha kwenye mashine, mkebe utaangushwa na nini?

London nayo ilifunga vituo 10 kwa siku moja, tarehe 9 Januari 2014. Magari 14 na nafasi 552 za kazi ziliondolewa. Miongoni mwa vituo hivyo kilikuwamo cha Clerkenwell, kilichokuwa kikifanya kazi tangu 1872. Wakuu wa jiji walieleza kwamba moto umepungua, na ni kweli ulikuwa umepungua kwa miaka mingi. Watu wengi zaidi walikuwa na ving'ora vya moshi majumbani, na wavutaji wa sigara walikuwa wamepungua. Chama cha wazimamoto kilijibu kwamba kupungua kwa moto hakupunguzi umbali. Mtaa ambao kituo chake kimefungwa utangoja gari litoke mbali zaidi, hata kama utalihitaji mara moja tu kwa mwaka.

Katika mabishano hayo kuna jambo la kujifunza. Mbinu iliyo bora kuliko zote ni kuzuia moto usitokee. Jiji linalokagua majengo, linalogawa ving'ora vya moshi na kuwafundisha watoto shuleni linaweza kwa haki kusema linahitaji magari machache. Linalopunguza magari na wakaguzi kwa pamoja limeacha mlango na dirisha wazi.

MWILI WA MZIMAMOTO

Kuna mgonjwa mwingine ambaye haonekani katika hesabu hizi, naye ni mzimamoto mwenyewe. Mnamo 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya kuzima moto katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani. Nchini Marekani, sababu kubwa ya vifo vya wazimamoto wakiwa kazini si kuangukiwa na paa bali moyo.

Kikosi kikipunguzwa, wachache waliobaki hufanya zamu ndefu, hubeba mizigo ya wenzao na hupumua moshi zaidi. Mavazi yaliyochakaa hayabadilishwi. Mitungi ya hewa haitoshi, kwa hivyo mtu huingia kwa kujifunga kitambaa cha maji usoni. Kitambaa huzuia masizi kidogo tu. Hakizuii kaboni monoksidi wala sianidi.

NASI HAPA NYUMBANI

Katiba ya 2010 iliweka huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo fedha za gari litakalokuja kwako zinapangwa na bunge la kaunti yako, wala si na wizara.

Nairobi, kulingana na sensa ya 2019, ilikuwa na wakazi 4,397,073, wengi wao wakiishi katika mitaa ambayo gari kubwa haliwezi kupenya. Nasi tuna kumbukumbu zetu chungu. Mnamo Januari 2009 watu 29 waliangamia katika duka la Nakumatt Downtown, katikati ya jiji. Mnamo Septemba 2011 mafuta yaliyovuja yalishika moto katika mtaa wa Sinai na kuua watu wapatao mia moja. Mnamo Juni 2018 watu 15 walikufa Gikomba, soko ambalo limeungua mara nyingi. Mnamo Februari 2024 gesi ililipuka Embakasi na kujeruhi mamia. Na mnamo Septemba mwaka huo huo tulizika wavulana 21 wa shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri.

Moto ukizuka Mukuru, Kibera au Mathare, wa kwanza kufika ni majirani. Hubeba ndoo na mchanga, na hubomoa vibanda vilivyo mbele ya moto ili usipate pa kupita. Kazi yao ni ya kishujaa. Lakini fikiria pia funzo la New York. Familia iliyounguliwa huenda kwa ndugu, watu tisa katika chumba kimoja. Dawa za kifua kikuu na za Ukimwi zimeungua. Kadi ya kliniki imeungua. Mgonjwa hukatiza dawa kwa siku kadhaa, na vijidudu hujifunza. Ikiwa umemkaribisha jamaa aliyeunguliwa, mpe kitanda na chakula, kisha muulize kwa upole kama kuna dawa alizokuwa akitumia, na umpeleke kliniki ya karibu siku hiyo hiyo. Atapewa nyingine.

UFANYE NINI?

Kwanza, jilinde mwenyewe, kwa kuwa dakika za mwanzo ni zako.

Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama baridi ya Julai inauma. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua madirisha, toa watu nje. Mafuta yakishika moto kwenye sufuria, usimwagie maji: zima jiko, funika kwa kifuniko na usiisogeze. Ikiwa madirisha yako yana vyuma na mlango una kufuli, ufunguo uwe mahali ambapo kila aliye nyumbani anaweza kuushika gizani. Moshi ukijaa, tambaa chini, kwa maana hewa nzuri hubaki karibu na sakafu. Ukishatoka, usirudi kuchukua chochote. Na lori la mafuta likianguka barabarani, kimbia mbali nalo. Zaidi ya watu mia moja walifia Sachangwan karibu na Molo mnamo Januari 2009, wengi wakiwa wamekwenda kuteka petroli.

Aliyeungua, mmwagie maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mvue pete, saa na nguo ambazo hazijagandamana na ngozi. Funika jeraha kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, unga, mayai wala mafuta ya kupikia, na usiweke barafu. Mtoto, mzee, aliyeungua usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye viungo, na aliyepigwa na umeme, wote wapelekwe hospitalini bila kungoja. Aliyevuta moshi mwingi naye aende, hata kama anasema hajambo. Sauti ikikwaruza, au ukiona masizi puani, koo linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

Pili, liulize jiji lako. Kila mwaka makadirio ya bajeti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na sheria inataka wananchi wasikizwe kabla ya kupitishwa. Wengi wetu hatuendi, na wanaokwenda huulizia barabara. Nenda uulize haya: kaunti ina magari mangapi ya zimamoto, na mangapi kati yao yanatembea leo? Kila gari linatoka na watu wangapi? Mabomba ya maji ya zimamoto mtaani kwetu yako wapi, na yana maji? Mitungi ya hewa ni mingapi? Majengo gani yalikaguliwa mwaka uliopita? Ukijibiwa kwamba muda wa kufika ni dakika kadhaa, uliza: gari la karibu likiwa limekwenda kwingine, je?

Maswali hayo hayahitaji digrii. Wale wa Northside walikuwa wafanyakazi wa kawaida, na waliyajua majibu kwa kuwa waliishi jirani na kituo. Ikiwa wewe hujui kituo kilicho karibu nawe kiko wapi, anza na hilo leo. Kisha andika nambari yake ya simu pamoja na 999 na 112 ukutani, mahali ambapo hata mtoto anaweza kuzisoma.